Maili Mia Kutoka Syokimau

Gunia hufika Jumamosi. Si kila Jumamosi, lakini likija huja siku hiyo. Makanga wa matatu ya Machakos hunipigia simu akiwa Kyumvi: "Boss, mzigo wako niko nao, kuwa Mlolongo kwa dakika ishirini." Namlipa mia na hamsini, nampa mwenye nduthi mia nyingine, na kufikia saa sita gunia limeegemea ukuta wa keja yangu hapa Syokimau. Ndani mna mbaazi, kunde, mahindi ya muthokoi, na msimu ukifika, maembe yaliyozungushiwa majani makavu ili yasipondeke. Anayetuma ni susu, nyanya yangu wa upande wa mama, kutoka Masii. Tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, gunia hilo ndilo limenifanya nisilale njaa ile miezi ambayo kuandika hakulipi. Na miezi hiyo, wacha tuseme ukweli, ni mingi.

Nasema haya mapema kwa sababu nataka kuzungumzia vitabu vitatu kuhusu chakula, na anayehakiki vitabu vya chakula anafaa aseme kwanza yeye mwenyewe anakula nini, na kwa jasho la nani.

Viwili nilivinunua kwa wauza vitabu vya mitumba mjini Nairobi. Cha kwanza ni The 100-Mile Diet cha Alisa Smith na J.B. MacKinnon, wapenzi wawili wa Vancouver, Kanada, walioamua mwaka 2005 kwamba kwa mwaka mzima watakula tu vilivyozalishwa ndani ya maili 100 kutoka nyumbani kwao. Cha pili ni Animal, Vegetable, Miracle cha Barbara Kingsolver, mwandishi wa riwaya wa Marekani, aliyehama Arizona na familia yake hadi shamba la Virginia, wakaishi mwaka mmoja kwa walichokilima wenyewe na walichonunua kwa majirani. Vyote viwili vilitoka 2007. Cha tatu ni Unbowed cha Wangari Maathai, kilichotoka 2006, ambacho nilikisoma kwa simu. Sijawahi kukiona kwenye rafu ya vitabu vya chakula dukani. Kiko kwa wasifu, kiko kwa mazingira, kiko kwa siasa. Nadhani ndicho kitabu bora cha chakula kati ya hivyo vitatu, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Nianze na haki yao wale wa kwanza. Vitabu hivyo viwili vimeandikwa vizuri. Smith na MacKinnon wanajua kucheka ujinga wao. Mlo wao wa kwanza wa maili 100 uliwagharimu zaidi ya dola mia moja. Kisha wakakaa miezi bila unga wa ngano, wakila viazi hadi viazi vikawachosha, mpaka walipompata mkulima mmoja mwenye ngano. Kingsolver naye anaandika kuhusu kuku, nyanya na jibini kwa mapenzi ambayo huwezi kuyaigiza. Ukimaliza kusoma unatamani kuwa na shamba. Na hoja yao ya msingi si mbaya: kwamba kula bila kujua chakula kimetoka wapi ni namna ya kulala ukitembea, na kwamba mnyororo mrefu kati ya shamba na sahani huficha mengi, yakiwemo dawa, mishahara duni na udongo uliochoka.

Kwa hivyo nikafanya mchezo wao. Maili 100 ni kama kilomita 160. Nikafungua ramani kwenye simu, nikaweka kidole Syokimau, nikazungusha duara.

Ndani ya duara mna mali. Kuna Machakos yote na Makueni mpaka Makindu, maana yake mbaazi, kunde, maembe na machungwa. Kuna mchele wa Mwea. Kuna viazi na kabeji za Kinangop, chai ya Limuru, samaki wa Naivasha, ng'ombe wa Kajiado. Nje ya duara kuna mahindi ya Kitale, ndizi za Kisii, omena wa Ziwa Victoria, nazi za Pwani, sukari ya magharibi, vitunguu kutoka Tanzania, na miraa ya Meru (poleni mnaohusika). Ngano iko katikati. Narok imo ndani ya duara na inalima ngano, lakini ngano nyingi tunayokula Kenya huagizwa kutoka nje, na paketi ya unga wa chapati haikuambii ya ndani ni ipi. Sisi na watu wa Vancouver tumekwama mahali pamoja: chapo.

Mtaa wenyewe una jina la nabii wa Kikamba, Syokimau, anayesimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akitoka baharini kwenda bara. Wengi husema nyoka huyo ni reli. Tangu 2017 reli mpya ya SGR kutoka Mombasa inafika hapa kwetu, na hakuna mtoto wa mtaa asiyejua hadithi hiyo. Nyoka hupita akibeba watu na makontena, na ndani ya makontena kuna vyakula kutoka ng'ambo. Hapo nje ya geti mama mboga ana sukuma wiki ambazo hakuna anayemuuliza zilinyweshwa maji gani.

Ndipo mchezo wa duara ulipoanza kunisumbua.

Tatizo la kwanza ni kwamba duara lina sindano, na sindano huchomekwa mahali alipo mlaji. Kwenye kitabu cha Kingsolver kila mwanafamilia aliruhusiwa kitu kimoja cha anasa kutoka mbali. Mume wake alichagua kahawa. Nilisoma hapo nikacheka peke yangu. Kahawa hulimwa Kangundo na Matungulu, hapa hapa Machakos. Kile ambacho kwenye kitabu ni ruhusa ndogo ya pembeni, ya kusamehewa ilimradi inunuliwe kwa njia ya haki, kwa watu wa huku ni ekari, ni karo, ni deni kwa chama cha ushirika. Kitabu kizima kinamtazama mkulima wa Virginia usoni, kinajua mbwa wake anaitwaje. Mkulima wa kahawa amebaki kuwa kikombe.

Simlaumu Kingsolver kwa kutotuandika sisi. Ila mwaka huohuo wa 2007 fikra hiyo ilitoka kwenye vitabu ikaingia madukani. Kamusi moja ya Oxford huko Marekani ilichagua "locavore", yaani mla vya karibu, kuwa neno la mwaka. Uingereza, Tesco na Marks & Spencer wakaanza kubandika picha ya ndege kwenye bidhaa zilizosafirishwa kwa ndege, ili mnunuzi ajue dhambi imekaa wapi. Soil Association, shirika linaloidhinisha mazao yasiyolimwa kwa kemikali, likafungua mjadala iwapo linyime muhuri wake chochote kilichopanda ndege. Kwa lugha nyingine: mishiri, yale maharagwe membamba ya kijani yanayolimwa Kenya kwa ajili ya soko la Ulaya, yalikuwa yanakaribia kutangazwa kuwa machafu kwa kosa la kutoka mbali.

Kumbe hata hesabu yenyewe haikuwa rahisi hivyo. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Cranfield kililinganisha maua ya waridi ya Kenya na ya Uholanzi yanayouzwa Uingereza. Utafiti huo ulilipiwa na wafanyabiashara wa maua, kwa hivyo usome ukiwa macho. Lakini ulipata kwamba mashina 12,000 ya Uholanzi, yaliyokuzwa kwenye nyumba za vioo zenye joto la mashine, yalitoa takriban kilo 35,000 za hewa ya kaboni, na ya Kenya, pamoja na safari ya ndege, takriban kilo 2,200. Jua letu ni la bure. Tena utafiti mkubwa uliochapishwa 2018 kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba usafiri, ukichukua vyakula vyote vya dunia, huchangia kama asilimia 6 tu ya hewa chafu inayotokana na chakula. Unachokula na jinsi kilivyolimwa vina uzito kuliko kilomita. Nyama ya ng'ombe wa jirani bado ni nyama ya ng'ombe.

Kwa hivyo kilomita si maadili. Ni rahisi tu kuzihesabu.

Tatizo la pili liko upande wetu, na hili ni gumu zaidi kwangu kuliandika, kwa sababu sisi vijana wa mjini tumependa sana neno "kienyeji". Kuku kienyeji, mboga kienyeji, mayai kienyeji. Kwenye menyu za mikahawa fulani ya Nairobi managu sasa ina bei ya nyama. Sina ubaya na managu. Prof. Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia miongo akionyesha kwamba mboga hizi tulizoziita magugu zina madini na vitamini kuliko nyingi tulizoletewa, na zinavumilia jua letu. Desemba 2021 UNESCO ikaingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora. Faida zipo, tena kubwa: afya, udongo, pesa zinazobaki nyumbani. Mimi mwenyewe ni shahidi, gunia limenilisha.

Lakini "kienyeji" limegeuka neno la kutuliza roho. Ukisema kienyeji, umemaliza, hakuna swali. Na mtu wa Ukambani hana haki ya kusahau 2004.

Mwaka huo, kati ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, ile aflatoksini ya kwenye habari. Sumu hiyo hutoka kwa kuvu inayoota kwenye mahindi yenye unyevu, na huua kwa kuharibu ini. Nilikuwa mdogo sana, lakini kwetu hadithi hiyo inasimuliwa kwa sauti ya chini hadi leo. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba mahindi mengi yaliyoua hayakutoka mbali. Yalilimwa hapo hapo, yakahifadhiwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka sawasawa. Chakula kilitoka shambani hadi kwenye sufuria bila dalali, bila lori, bila ndege. Hakuna chakula cha karibu kuliko hicho.

Hiyo haimaanishi chakula cha nyumbani ni kibaya. Inamaanisha wema wake haumo kwenye kilomita wala kwenye jina. Umo kwenye turubai la kuanikia, kwenye ghala, kwenye mvua iliyonyesha vibaya, kwenye mtu mwenye njaa anayevuna mapema kwa kuogopa kuibiwa. Vitabu vya maili 100 haviandiki mambo haya kwa sababu waandishi wake hawakuyahitaji. Ukikosa unga Vancouver, unakosa kitafunio. Mwaka wako wa majaribio ukiisha, duka lipo.

Sasa nije kwa Wangari Maathai.

Katika Unbowed anaeleza jinsi alivyokua Nyeri kwenye miaka ya arobaini, chakula kikiwa tele shambani kwa mama yake. Miaka ya sabini, akiwa msomi na mwanachama wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akasikia utafiti unaosema watoto wa mkoa wa Kati wanaugua kwa utapiamlo. Hakuamini. Mkoa wa Kati! Udongo mwekundu, mvua mbili! Akaanza kuuliza, na majibu aliyopata ndiyo moyo wa kitabu kwangu. Mashamba yalikuwa yamegeuzwa kuwa ya chai na kahawa ya kuuza. Miti ilikuwa imekatwa, kwa hivyo kuni zikawa adimu. Na mwanamke asiye na kuni hachemshi maharagwe saa tatu. Anapika kinachoiva haraka: unga uliosafishwa, mchele mweupe, mkate. Watoto walikuwa wanashiba bila kulishwa.

Ona jinsi anavyofikiri. Haanzi na mlaji na dhamiri yake. Anaanza na anayepika, anauliza amekosa nini, kisha anafuata uzi: kutoka sahani hadi kuni, kutoka kuni hadi mti, kutoka mti hadi zao la biashara, hadi nani aliamua zao lipi lilimwe. Tarehe 5 Juni 1977 wakapanda miti saba Kamukunji, Nairobi, na hapo Green Belt ikaanza. Tumezoea kusimulia hadithi hiyo kama ya miti. Ni hadithi ya chakula cha jioni.

Nilipoisoma niliona keja yangu. Nina mtungi wa gesi wa kilo 6. Muthokoi, ukitaka uive kama wa susu, unataka nusu siku ya moto. Nikiuchemsha kwa gesi, mtungi unaisha kabla mwezi haujafika katikati. Kuna miezi mahindi ya susu yamekaa kwenye gunia na mimi nakula chapo madondo ya kibanda, au mkate na chai. Si kwamba sijui kipi ni bora. Kile kilicho bora kinahitaji moto ambao sina. Wenye busara mtaani walishaona pengo hilo: nyuma ya geti letu kuna mama anayechemsha maharagwe na isyo kwa jiko kubwa la makaa na kuuza kwa kupima kikombe. Nikimpelekea mahindi yangu ananichemshia kwa hamsini. Yeye amefanya zaidi kuhusu chakula endelevu Syokimau kuliko menyu zote za managu. Hana lebo wala hakuna aliyempiga picha.

Lakini somo la Maathai lilinipata sawasawa Agosti iliyopita, nilipoenda Masii.

Nilikuta susu akivuna mbaazi. Jioni akapika ugali, na nikaona unga anaotoa ni wa paketi, wa kiwanda, wa dukani kwa jirani. Nikamuuliza, "Susu, mbona unanunua unga na mahindi unayo?"

Akajibu kama mtu aliyeulizwa jua huchomozea wapi. "Yale mazuri ni yako. Haya yaliyobaki yana fukusi."

Nikaingia ghalani. Tangu 2004 susu haaniki mahindi kwenye udongo, huyaanika kwenye turubai, na hayaweki ghalani mpaka aing'ate punje na kusikia inavunjika kwa mlio. Pia ana ile mifuko isiyopitisha hewa, inayozuia wadudu bila dawa. Anayo miwili. Yote miwili ilikuwa na jina langu kwa kalamu ya wino. Yake yeye yalikuwa kwenye gunia la kawaida pembeni, yametobolewa mpaka yanatoa vumbi.

Nililala vibaya usiku ule. Kwa miaka miwili nilikuwa nimejivunia, hata kwa marafiki, kwamba mimi nakula vya nyumbani, safi, bila kemikali, kilomita zisizofika mia. Kumbe ndani ya duara langu dogo nilikuwa nimejenga Ulaya yangu. Bora husafirishwa, mkulima hubaki na masalio, kisha hununua unga wa kiwanda kwa pesa aliyokosa. Mambo aliyoyaona Maathai Nyeri, chai ikienda na watoto wakibaki na mkate, susu na mimi tulikuwa tunayafanya kwa upendo. Hakuna aliyemlazimisha. Hilo ndilo linaloumiza.

Kwa hivyo swali ambalo ningeandika kwenye jalada la vitabu vya maili 100, kama ningepewa kalamu, ni hili: aliyelima hiki, yeye amekula nini? Ukiliuliza swali hilo la pili baada ya lile la "kimetoka wapi," mengi hubadilika sura. Linaipima mishiri: si kwa picha ya ndege, kwa kuuliza kama aliyeichuma anaweza kulipa karo na kula mlo kamili. Linaipima managu ya mkahawani. Linanipima mimi.

Na linafika mahali ambapo mlaji wa mjini hafikirii kabisa, kwenye mbegu. Susu ana vibuyu vya mbegu za kunde alizorithi kwa mama yake. Jirani mvua ikimharibia, huja kuchukua, naye akivuna hurudisha. Wakati mwingine susu huuza kibaba sokoni. Chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, hasa baada ya marekebisho ya 2012, kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kungeweza kukupeleka jela hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Mzee wa kibuyu cha kunde! Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 wakaenda mahakamani kuipinga. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Habari hiyo ilipita kwenye simu zetu kwa siku moja, ikafunikwa na mambo mengine. Kwangu ilikuwa habari kubwa ya chakula ya mwaka. Unaweza kununua kunde za kienyeji maisha yako yote, na kama aliyezipanda hana ruhusa ya kumpa jirani mbegu, umenunua ladha tu.

Neno "kienyeji" latoka kwa "mwenyeji", na mwenyeji ni mwenye mji. Ndani ya neno kuna mtu. Menyu imemtoa, ikabakiza ladha. Vitabu vya Vancouver na Virginia vina mtu, tena wanampenda, lakini ni yule wa ndani ya duara tu. Maathai anamfuata mtu huyo popote alipo, mpaka jikoni kwake, na kumuuliza kuni ziko wapi. Ndiyo maana nasema kitabu chake kihamishiwe rafu nyingine.

Kuna atakayeniambia: wewe unaongea, lakini umefanya nini? Swali la haki. Nilinunua mifuko sita ya nafaka Machakos mjini, nikaipeleka. Kisha nikamwambia susu asinitumie mahindi mpaka ya kwake yatoshe hadi mavuno yajayo. Nilidhani nimesema jambo la busara.

Alinitazama kwa muda. Akaniuliza ni nani huko Nairobi amenifundisha kukataa chakula. Akasema mtu akikatazwa kulisha wajukuu, amebakishiwa kazi gani? Sikuwa na jibu, na bado sina lote. Kumbe hata swali zuri, ukiliuliza kwa kiburi, linaweza kumnyang'anya mtu kitu. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe tukaafikiana: mifuko minne ni yake na hujazwa kwanza. Miwili itakayobaki, pamoja na ile miwili ya zamani, itagawanywa kwangu na kwa binamu zangu walio Kitengela na Athi River, na kila mmoja wetu atalipia nauli ya gunia na kumrudishia kilo mbili za sukari, ambayo kwa vyovyote iko nje ya duara la kila mtu.

Alipiga jina langu mstari kwenye mfuko mmoja, akaandika lake juu. Mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu. Jumamosi iliyopita makanga alinipigia kutoka Kyumvi, akalalamika kwamba siku hizi gunia langu ni jepesi na bado anataka mia na hamsini ileile. Nilimlipa.